Keria ya Bodi ya Pikapu: Chuma cha Kuchomelea au Alumini ya Kufunga kwa Bolti?

Mwenye pikapu anayeingia katika karakana ya Kariobangi Light Industries au ya Eneo la Viwanda, jijini Nairobi, na kueleza kwamba anataka keria juu ya bodi, yaani fremu ya kubebea vitu juu ya sehemu ya nyuma ya mizigo, huulizwa kwanza kama anaitaka ya chuma au ya alumini, kisha hutajiwa bei mbili, na mara nyingi uamuzi hufanyika hapo hapo mlangoni. Nimesimamia utengenezaji wa keria tatu za namna hiyo, moja yangu na mbili za jamaa zangu, na sasa naamini kwamba swali hilo huanzia mahali pasipofaa. Baada ya miaka kadhaa ya matuta, barabara za changarawe na mizigo inayobadilika kila wiki, kinachotenganisha keria nzuri na mbaya ni namna vipande vyake vilivyoungwa: kama kiungo kinaweza kufunguliwa, kusogezwa mahali pengine, na kurekebishwa na fundi yeyote utakayempata ukiwa mbali na nyumbani. Metali ifuate baada ya hapo.

Njia zilizo mbele ya mnunuzi ni nne. Ya kwanza ni keria ya paipu za mraba za chuma zilizochomelewa, ambayo ndiyo iliyozoeleka na ambayo karibu kila fundi wa jua kali anaimudu. Ya pili ni ya paipu za alumini zilizochomelewa kwa mashine ya gesi ya agoni. Ya tatu ni ya profaili za alumini zenye mifereji pande zote nne, zile zinazoundiwa meza za viwandani na fremu za mashine, ambazo huungwa kwa nati zinazoteleza ndani ya mfereji. Ya nne, ambayo wachache huifikiria, ni paipu za kawaida za alumini zilizofungwa kwa bolti kupitia mabamba ya kona, huku profaili za mifereji zikiwekwa katika boriti za juu peke yake. Zipo pia keria zinazoagizwa kutoka nje zikiwa kamili, lakini sitazizungumzia kwa kirefu, maana anayezinunua hachagui muundo, anachagua duka.

Uzito, na hesabu inayopuuzwa

Alumini husifiwa kwa wepesi, na sifa hiyo ni ya kweli hadi mahali fulani. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ilhali ya chuma ina gramu 7.85, yaani uzito wa alumini ni kama theluthi moja tu. Jambo ambalo muuzaji halitaji ni kwamba ukakamavu wake nao ni theluthi moja, takriban gigapaskali 70 dhidi ya 200 za chuma, kwa hiyo anayebadilisha chuma kwa alumini ya kipimo kile kile hupata keria nyepesi inayonesa mara tatu zaidi. Njia ya kurudisha ukakamavu huo ni kuongeza upana wa paipu, kwa sababu upana huzuia kupinda kuliko unene wa ukuta unavyoweza.

Tuchukue mfano. Paipu ya chuma ya milimita 40 kwa 40, yenye ukuta wa milimita 2, ina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa kila mita. Paipu ya alumini ya milimita 50 kwa 50, yenye ukuta wa milimita 3, ina takriban kilo 1.5 kwa mita, na ukikokotoa ukakamavu wake wa kupinda utakuta unalingana na wa ile ya chuma karibu kabisa. Zote mbili, zikishikwa katika ncha zilizoachana kwa mita 1.4 na kutwikwa kilo 75 katikati, hushuka kwa kama milimita tatu. Huo ndio ulinganisho wa haki, wala si ule wa kushika vipande viwili vya kipimo kimoja mkononi na kushangaa.

Sasa tuhesabu keria nzima. Pikapu ya milango minne, iwe Hilux, D-Max au nyingine ya aina hiyo, ina bodi ya urefu wa karibu mita moja na nusu. Nguzo sita fupi, mihimili minne ya urefu, boriti tatu za kukatiza na vipande vinne vya mshazari hufanya jumla ya mita 14.5 za paipu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kwa chuma cha 40 kwa 40, hiyo ni kilo 35. Kwa alumini ya 50 kwa 50 ni kilo 22, na ukijumlisha kilo nne za mabamba na bolti unafika 26. Tofauti ya kilo tisa haifiki nusu ya uzito wa mtungi wa maji wa lita 20. Anayetumaini kwamba alumini itampunguzia gharama ya mafuta kati ya Nairobi na Nakuru anajidanganya.

Hata hivyo keria nyingi za chuma zinazozunguka mjini hazina kilo 35. Fundi asiyepewa mchoro huchukua paipu ya 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 3, ambayo ina kilo 4.4 kwa mita, kwa nia njema kabisa ya kuhakikisha kwamba kazi yake haitavunjika, na matokeo yake ni mzigo wa kudumu wa kilo 64 juu ya bodi kabla hujaweka hata kamba. Uzito huo hutolewa katika uwezo wa kubeba, ambao kwa pikapu nyingi za hapa ni karibu tani moja ukihesabu abiria na mizigo pamoja, tena hukaa juu, mahali ambapo gari hulipia kwenye kona. Kwa hiyo ukiamua kutumia chuma, nenda na mchoro wenye vipimo, usimamie ununuzi wa paipu, na upime unene wa ukuta mwenyewe kabla hazijakatwa.

Profaili ya mifereji ina hila yake. Ile ya milimita 40 kwa 40 ina uzito wa kati ya kilo moja na nusu na mbili kwa mita, kutegemea aina, lakini ukakamavu wake ni kama nusu tu ya ule wa paipu ya 50 kwa 50 niliyoitaja, kwa kuwa mifereji imekula sehemu ya metali iliyopaswa kukaa ukingoni. Ukiifanya boriti ya kukatiza, itanesa maradufu. Tiba yake ni kutumia profaili ya 40 kwa 80 iliyosimamishwa wima, na hapo gharama inapanda.

Kiungo

Hapa ndipo njia nne zinapoachana kabisa.

Chuma laini kilichochomelewa vizuri hupoteza nguvu kidogo sana katika kiungo. Zaidi ya hayo, chuma kina kiwango fulani cha mkazo ambacho, mradi hakipitwi, hakichoki hata kikitikiswa mara mamilioni. Mchomeleaji mwenye mashine ya kawaida ya elektrodi anapatikana Gikomba, Lodwar, Maralal na popote penye jenereta. Ukivunjikiwa njiani, unarekebishiwa siku hiyo hiyo. Faida hii ni kubwa kuliko watu wa mjini wanavyoikadiria, na ndiyo sababu magari mengi ya kazi ya kaskazini hubeba keria za chuma.

Alumini iliyochomelewa ni kisa kingine, na ningependa nikae hapo kidogo kwa sababu ndiyo njia inayovutia macho kuliko zote na ndiyo ninayoishauri kwa uchache zaidi. Alumini inayotumika katika kazi hizi, kama ile ya daraja la 6063 au 6061, hupata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto na kupoozwa kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea huuvuruga utaratibu huo, na eneo la sentimita chache kando ya mshono hubaki na takriban nusu ya nguvu ya awali, wakati mwingine pungufu ya hapo. Mshono wenyewe unaweza kuwa safi kama ufito wa fedha. Udhaifu umejificha pembeni yake. Isitoshe, alumini haina ule usalama wa chuma: kila mtikisiko huhesabiwa, hata ulio mdogo, na baada ya mitikisiko ya kutosha ufa huanza mahali palipo dhaifu zaidi. Kona ya keria ndipo mkazo unapokusanyika, na ndipo hapo hapo tumeidhoofisha metali kwa mikono yetu.

Keria ya pili niliyoisimamia ilikuwa ya aina hiyo. Jamaa yangu aliipenda kwa kuwa haikuwa na bolti hata moja iliyoonekana, na mchomeleaji alikuwa stadi wa kweli. Baada ya safari chache za barabara ya mawimbi, yale makunyanzi ya changarawe yanayotikisa meno, tulikuta ufa mwembamba kama unywele chini ya nguzo ya nyuma, milimita chache kutoka kwenye mshono. Tuliuchomelea upya, na mwezi uliofuata ukafunguka tena upande wa pili wa mshono mpya. Kosa lilikuwa langu mimi niliyechora, kwa kuwa niliweka mkazo wote katika kona bila bamba la kuusambaza. Wapo watengenezaji wanaofaulu kwa njia hii, lakini hutumia kuta nene na huchomelea mahali ambapo mkazo ni mdogo.

Hebu turudi kwenye mfano wa boriti yenye kilo 75. Mkazo katikati ya paipu ile ya alumini ni kama megapaskali 31 gari likiwa limesimama. Mshtuko wa tuta unaweza kuuzidisha mara tatu, ukawa 93. Alumini ya 6063 ya kawaida, iliyo katika hali inayoitwa T5, huanza kupinda bila kurudi kwenye takriban megapaskali 145, kwa hiyo tuko salama mradi hatujaichomelea. Tukiichomelea, nguvu hiyo hushuka hadi karibu nusu, yaani chini ya ile 93, na usalama huo haupo tena. Namba hizi tatu ndizo zilizonihamisha.

Profaili za mifereji hukwepa moto, lakini nazo zina udhaifu wake: kiungo hushikiliwa na msuguano peke yake. Nati inayokaa mferejini hubana uso kwa uso, na ukiilegeza kidogo boriti huteleza, jambo ambalo ndilo jema lake unapotaka kuisogeza na ndilo baya lake unapopita barabara ya mtetemo. Karakana yenye sakafu ya saruji haijui mawimbi ya changarawe. Anayechagua njia hii lazima atumie bolti zenye kichwa kipana chenye meno, apake kwenye nyuzi za bolti gundi ya kuzizuia kulegea, na achore mstari wa rangi unaovuka kichwa cha bolti na bamba ili jicho ligundue mara moja kichwa kilichozunguka.

Njia ya nne inachukua jema la kila upande. Viungo visivyohitaji kusogezwa kamwe, yaani kona za nguzo na mihimili ya pembeni, hufungwa kwa bolti zinazopenya paipu upande hadi upande kupitia mabamba ya kona, ili mzigo ubebwe na shina la bolti lenyewe, si msuguano. Boriti za juu, ambazo leo zinabeba ngazi na kesho paneli za sola, ndizo peke yake zinazopewa mifereji. Katika keria yangu nilitumia mabamba ya alumini ya milimita 6, bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) zisizoshika kutu, zenye nati za pete ya nailoni inayozuia kulegea, na matundu ya milimita 9. Kila bamba lina angalau bolti mbili katika kila paipu, na hakuna tundu lililo karibu na ukingo kuliko kipenyo cha bolti mara mbili.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi hulisahau na ambalo huharibu kazi nzima. Ukipitisha bolti katika paipu tupu na kuikaza kwa nguvu, kuta za paipu huingia ndani, na nati huonekana imekaza ilhali inabana utupu. Ndani ya kila tundu lazima kuwe na kipande kifupi cha bomba chenye urefu sawa na upana wa ndani wa paipu, ambacho bolti hupita katikati yake. Vipande hivyo hukatwa kwa nusu siku.

Kuishikiza kwenye bodi

Sehemu hii haitofautiani sana kati ya njia zote nne, lakini haijasamehe yeyote. Pikapu imejengwa juu ya chesisi, na kebini na bodi ni vitu viwili vinavyosogea kila kimoja kivyake. Simama nyuma ya gari linalopanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja na utaona mwanya kati yao ukipanuka na kufinyika. Keria isishikizwe kwenye kebini na bodi kwa pamoja. Mwenye kubeba mabomba marefu aweke boriti yake ya mbele juu ya paa kivyake, na mabomba yenyewe yafungwe kwa mikanda inayoruhusu kusogea.

Kingo za bodi ni bati jembamba lililokunjwa. Nguzo ikikaa juu yake bila bamba la kusambaza mzigo, bati litabonyea katika tuta la kwanza kubwa. Unaweza kutoboa na kuweka bamba la chuma upande wa chini, au kutumia vibano vinavyoshika mdomo wa bodi bila kutoboa. Vibano vinafaa kwa gari la mkopo au linalotarajiwa kuuzwa, lakini vinahitaji kukaguliwa mara kwa mara. Kila mahali alumini inapogusa bodi ya chuma pawekwe mpira au plastiki, kwa sababu metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini ndiyo inayoliwa.

Mishazari nayo isiachwe. Mzigo wa kilo 100 juu ya keria, gari likifunga breki za dharura, husukuma mbele kwa nguvu ya karibu kilo 80. Nguzo zilizosimama wima peke yake hubeba msukumo huo kwa kupinda, ilhali mshazari huugeuza kuwa mvuto wa moja kwa moja, ambao paipu haiuogopi. Bamba la pembeni lililotobolewa matundu hufanya kazi ile ile, na juu yake unaweza kufunga mtungi wa mafuta, koleo au kibuyu cha gesi.

Kutu, saruji na magadi

Chuma kinataka ulinzi. Rangi ya brashi juu ya chuma kilichochomelewa huanza kuachia kwenye mishono, na maji huingia ndani ya paipu zisizozibwa yakala kutoka ndani, usijue hadi siku nguzo itakapokunjika. Kupakwa zinki baada ya kuchomelewa ni bora, na rangi ya unga inayookwa ni bora zaidi kwa macho, lakini kila mkwaruzo ni mlango.

Alumini hujikinga yenyewe kwa utando mwembamba, na kwa mvua za Nairobi utando huo unatosha. Adui yake ni alkali. Kila aliyewahi kupika githeri kwa magadi katika sufuria ya alumini ameona sufuria inavyogeuka nyeusi. Jambo hilo hilo hutokea kwa keria inayorudi kutoka Ziwa Magadi na vumbi jeupe limekauka katika viungo vyake, au kwa pikapu ya mjenzi inayomwagikiwa saruji mbichi kila siku. Kuiosha kwa maji mengi siku hiyo hiyo kunatosha kwa msafiri wa mara moja moja. Kwa mjenzi halitoshi, maana hataosha, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kumshauri abaki na chuma.

Bolti zisizoshika kutu katika alumini hazina madhara makubwa, kwa kuwa bolti ni ndogo na alumini ni kubwa, ila zipakwe grisi ya kuzuia kukwama. Bila grisi, baada ya miaka miwili hazifunguki, na keria iliyosifiwa kwa kufunguka inahitaji grainda kama nyingine zote.

Wezi

Mwenye gari Nairobi ambaye amepigilia riveti vioo vyake vya pembeni na kuvichonga namba za gari hahitaji kuelezwa kwamba kitu kinachofungwa kwa spana hufunguliwa kwa spana. Chuma kilichochomelewa kinashinda hapa bila ushindani. Kwa keria ya bolti, nilitumia nati zinazokatika kichwa zinapokazwa katika bolti mbili za kila nguzo ya kona, na kuacha nyingine zote za kawaida. Asiyekuwa na nati hizo anaweza kuweka tone la mchomeleo juu ya ncha ya bolti ya chuma. Mwizi mwenye muda wa kutosha ataiondoa tu. Ninachokusudia ni kwamba asiwe na muda huo.

Muundo unaosogezeka

Neno "kusogezeka" hutumiwa ovyo, kwa hiyo nieleze ninavyolielewa. Keria inayosogezeka ni ile ambayo pande mbili za ubavuni ni vipande viwili vinavyojitegemea, kila kimoja kikiweza kuinuliwa na mtu mmoja, na boriti za juu hufungwa kati yake kwa urefu na nafasi unayotaka. Mabamba yote yatobolewe kwa mpangilio mmoja wa milimita 50 kati ya tundu na tundu, ili boriti iweze kushushwa au kupandishwa bila kutoboa upya, na matundu ya chini yawe marefu kidogo ili bodi isiyonyooka sawasawa, na hakuna iliyonyooka sawasawa, isizuie kufunga. Chora kwanza kwenye kadibodi ngumu na uijaribu juu ya gari. Kadibodi iliniokoa na kosa la sentimita nne, kwa kuwa nilipima bodi juu na kusahau kwamba kuta zake zinainama ndani. Baada ya kadibodi ndipo uchore kwa kompyuta na kupeleka faili kwa wanaokata mabamba kwa leza katika Eneo la Viwanda. Mabamba ya kukatwa kwa grainda yanawezekana, lakini matundu hayataangukiana.

Urefu nao ni uamuzi wa Nairobi. Keria iliyo chini kidogo ya paa la kebini hupunguza kelele za upepo na hulingana na vizuizi vya urefu vya maegesho ya chini ya ardhi. Ukiiweka sawa na paa kisha ukaweka hema lililokunjwa juu yake, utaanza kuegesha nje.

Jambo moja la kukwepa ni profaili za madirisha. Zinapatikana kila mahali, zinapendeza, na bei yake inashawishi, lakini kuta zake ni nyembamba mno na hazikuundwa kubeba mtikisiko. Alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa tena, inayotengenezewa sufuria, nayo haifai.

Gharama na uchaguzi

Bei za metali hubadilika, kwa hiyo ni afadhali kulinganisha mahali fedha zinapokwenda. Katika chuma, sehemu kubwa ni kazi ya siku mbili na rangi. Metali yenyewe ni rahisi. Katika alumini iliyochomelewa, unalipia ufundi adimu. Katika profaili za mifereji, karibu fedha zote huishia kwenye profaili na nati zake maalumu, na kazi unaweza kuifanya nyumbani kwa msumeno na spana. Katika njia ya mchanganyiko, gharama iko katikati ya chuma na mifereji, na mabamba ya leza ndiyo yanayouma kwa mara ya kwanza. Fikiria pia kwamba keria ya bolti huhamia kwenye pikapu inayofuata kwa kubadilisha mabamba ya chini tu, ilhali ya kuchomelewa huuzwa na gari.

Mjenzi, fundi bomba au mfanyabiashara anayepeleka mboga soko la Marikiti, ambaye mzigo wake ni ule ule mwaka mzima na ambaye keria yake hugongwa, hukanyagwa na kumwagikiwa, achukue chuma cha 40 kwa 40 kilichochomelewa na kupakwa zinki, wala asione haya mbele ya wenye alumini. Anayefunga paneli za sola leo, kesho anapanda na familia kwenda Naivasha na hema, na wiki ijayo anahamisha samani, ndiye ambaye njia ya nne ilitengenezewa. Profaili za mifereji kwa keria nzima ningezipendekeza kwa yule tu ambaye hatoki sana kwenye lami na anapenda kubadilisha mpangilio kila mwezi kwa ajili ya vyombo vyake, kwa mfano mpiga picha au fundi wa mitandao. Alumini ya kuchomelewa naiacha kwa mwenye mtengenezaji anayeweza kumweleza, kabla hajauliza, mishono itakaa wapi na kwa nini.

Pikapu iliyosajiliwa kama gari la biashara hupitia ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima inapaswa kuelezwa kuhusu keria yoyote unayoongeza, iwe ya metali gani.

Kwa atakayechagua bolti, kazi haijakamilika siku ya kufunga. Kaza zote baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha baada ya safari ya kwanza ya changarawe, kisha kila unapopeleka gari kwa huduma. Katika keria yangu, kati ya bolti zaidi ya hamsini, tatu zilikuwa zimelegea mara ya kwanza, zote upande wa nyuma kushoto. Mara ya pili moja. Tangu hapo, mistari ya rangi haijahama.